Wazee wa Uturuki na vifaa saidizi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na wauguzi, wanafunzi wa ustawi wa jamii, na watu wanaotunza wazazi wao nyumbani na wanataka kujua wenzao wa nchi nyingine wanafanyaje. Baadhi yana jibu la mistari miwili. Mengine hayaishi upesi.

Vifaa saidizi ni vitu gani hasa?

Ni chochote kinachomwezesha mtu kufanya jambo ambalo mwili wake umeanza kushindwa: kutembea, kusikia, kuona, kukumbuka dawa, kulala bila kulowa. Orodha ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2016 ina vifaa 50. Humo kuna fimbo, miwani, shimesikio (kile kifaa kidogo cha kuongeza sauti kinachokaa sikioni), pampasi za watu wazima, na hata kiboksi chenye vyumba vya kupangia vidonge vya wiki nzima. Kwa hiyo ukisikia teknolojia usikimbilie roboti. Bibi wa Ankara anayejikongoja na fimbo ya mti yumo kwenye hesabu, na babu aliyevaa saa inayopiga simu yenyewe akianguka naye yumo.

Kwa nini Uturuki?

Kwa sababu imezeeka haraka kuliko nyumba zake. Mwaka 2023, kwa mara ya kwanza, watu wa miaka 65 na zaidi walivuka asilimia 10 ya Waturuki wote. Mwaka uliofuata walikuwa zaidi ya milioni 9, yaani asilimia 10.6. Takwimu hizi hutolewa na TÜİK, idara ya takwimu ya taifa, kila Machi kunapokuwa na Wiki ya Wazee.

Ila wastani wa nchi unaficha mengi. Sinop, mkoa wa pwani ya Bahari Nyeusi, takriban mtu mmoja kati ya watano ni mzee, kwa sababu vijana wameshukia Istanbul. Şırnak, mpakani kusini mashariki, wazee hawafiki 5 kati ya 100. Mpango wa kugawa vifaa unaofaa Şırnak hauwezi kufaa Sinop, ambako mlimani unakuta nyumba imebaki na bibi, ng'ombe na simu.

Jambo jingine la kushika tangu mwanzo: wanawake wanaishi zaidi, takriban miaka 80 dhidi ya 75 ya wanaume. Matokeo yake, kati ya wazee zaidi ya milioni 1.5 wanaoishi peke yao, karibu robo tatu ni wanawake, wengi wao wajane. Na hao ndio kizazi cha mabinti ambao hawakupelekwa shule, kwa hiyo maelekezo yaliyoandikwa kwa herufi ndogo pembeni ya boksi hayawafai kitu.

Wanatumia vifaa gani zaidi?

Miwani kwanza, kisha meno bandia, kisha fimbo. Vipimo vya presha vya nyumbani vimejaa, na vipimo vya sukari pia, maana kisukari ni ugonjwa wa kawaida sana kule. Baada ya hapo ndipo zinakuja fremu za kutembelea, viti vya magurudumu, mashimesikio, magodoro ya hewa ya kuzuia vidonda vya mgongo, na vitanda vya hospitali vilivyohamishiwa sebuleni.

Karibu na lango la hospitali yoyote kubwa utakuta safu ya maduka ya vifaa tiba. Fremu za kutembelea zimepangwa nje barabarani. Muuzaji humuuliza mtoto wa mgonjwa, si mgonjwa, urefu na uzito. Hulipwa, na kifaa huingia kwenye buti ya teksi kikiwa kimekunjwa. Hapo ndipo kosa la kwanza linapofanyika. Fremu au fimbo hupimwa mzee akiwa amesimama na viatu vyake vya kila siku, mikono ikining'inia: kishikio kifike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono. Ikiwa juu, mabega yanapanda na kuuma. Ikiwa chini, anatembea ameinama. Fimbo nayo hushikwa upande wa mguu mzima, si upande wa goti bovu, na watu wengi, hata wa kwetu, hufanya kinyume.

Nani analipa?

Sehemu kubwa ni SGK, mfuko wa hifadhi ya jamii ulioundwa mwaka 2006 kwa kuunganisha mifuko mitatu: ya wafanyakazi, ya waliojiajiri na ya watumishi wa serikali. Tangu Oktoba 2008 kuna bima ya afya ya wote. Wasio na kipato cha maana hulipiwa michango na serikali. Mzee maskini asiye na pensheni hupata posho chini ya sheria namba 2022, ambayo licha ya namba yake ni ya mwaka 1976.

Utaratibu uko hivi. Daktari anaandika ripoti. Kwa baadhi ya vifaa, kama kiti cha magurudumu cha umeme, lazima iwe ripoti ya jopo la madaktari. Kisha unanunua kwa muuzaji mwenye mkataba na SGK. Mfuko unalipa kiwango kilichopangwa, na mstaafu kwa kawaida anachangia asilimia 10 ya kiwango hicho, wakati aliye kazini anachangia 20. Miwani inaweza kubadilishwa baada ya miaka 3, shimesikio baada ya 5.

Kwenye karatasi ni utaratibu mzuri, na kwa kweli nchi nyingi zingeutamani. Tatizo ni neno "kiwango". Mashimesikio mengi hutoka nje na bei yake inafuata dola au yuro, huku lira ikiporomoka mwaka hadi mwaka. Kiwango cha SGK kinapandishwa kwa kuchelewa. Tofauti inatoka mfukoni mwa mstaafu, na ndiyo maana mara nyingi unakuta watoto watatu au wanne wamechangishana kumnunulia baba sikio moja, wakati alihitaji mawili.

Ukiacha SGK, manispaa nyingi huazima viti vya magurudumu na vitanda, na Hilali Nyekundu ya Uturuki, Kızılay, husaidia pia. Kuna na kampeni ya vifuniko vya chupa: shule, ofisi na misikiti hukusanya vifuniko vya plastiki, vinauzwa kwa viwanda vya kuchakata, na fedha inanunua viti vya magurudumu. Utaona dumu la vifuniko mlangoni mwa duka la mkate. Mimi naipenda kampeni hiyo, lakini naichukia kidogo pia, kwa sababu kiti cha magurudumu kinachofikiwa kwa bima hakipaswi kusubiri watoto wa shule wanywe soda.

Kwa nini mashimesikio mengi huishia kwenye droo?

Hili ndilo swali ninaloulizwa zaidi, na jibu halina uhusiano mkubwa na ubishi wa wazee.

Sababu ya kwanza ni kelele. Shimesikio haliongezi sauti ya mjukuu tu, linaongeza kila kitu. Mwanamume mstaafu wa Uturuki anapitisha alasiri nzima kwenye nyumba ya chai ya mtaani, ambako watu wanacheza okey, mchezo wa vigae unaofanana na dhumna. Vigae vikichanganywa mezani, kwa sikio lenye shimesikio jipya ni kama mtu anamwaga kokoto kwenye sufuria. Analitoa, analitia mfuko wa koti, na halirudi tena. Fundi angeweza kulipanga upya, lakini mzee lazima arudi kwake mara kadhaa ndani ya miezi ya mwanzo, na hilo ndilo halielezwi siku ya kununua.

Sababu ya pili inawahusu akina mama wanaovaa mtandio, nao ni wengi katika umri huo. Kifaa cha nyuma ya sikio kikifunikwa na kitambaa kilichokazwa, kipaza sauti chake kinasuguliwa na kinatoa mkwaruzo wa kuudhi, au sauti inarudi na kupiga filimbi. Dawa yake ni rahisi: kitambaa laini zaidi, kufunga kwa kulegeza kidogo sehemu ya masikio, au kuchagua kifaa kinachoingia ndani ya tundu la sikio. Msomaji wa Lamu au Zanzibar mwenye bibi anayevaa mtandio ajaribu hilo kabla ya kulaumu kifaa.

Sababu ya tatu ni betri. Ni ndogo kuliko punje ya hindi, na vidole vyenye yabisi haviwezi kuzishika. Aina za kuchaji zinapunguza tabu hiyo, lakini zina bei.

Na mwisho kuna aibu. Miwani haimtii mtu aibu, sikio linamtia. Mzee atasema "nasikia vizuri, nyinyi ndio mnanong'ona," na familia itaanza kupaza sauti, televisheni itapandishwa hadi jirani wa ghorofa ya juu agonge bomba la maji, na miaka mitano itapita hivyo.

Ni kweli wazee wa Istanbul hushusha vikapu madirishani?

Ni kweli. Majengo mengi ya ghorofa nne au tano yaliyojengwa miaka ya 1960 hadi 1980 hayana lifti. Bibi wa ghorofa ya nne mwenye magoti mabovu anafungua dirisha, anamwita mwenye duka la chini kwa jina, anashusha kikapu kwa kamba. Ndani kuna fedha na pengine kikaratasi. Kijana wa duka anaweka mkate, mtindi na chenji, anaivuta kamba mara moja kuashiria, na kikapu kinapanda kikizunguka taratibu. Ni kifaa saidizi kamili: kinatumika kila siku, hakina betri, kila mtu mtaani anajua kukihudumia.

Tena hakifanyi kazi peke yake. Kinamtegemea mwenye duka anayekubali kukopesha hadi pensheni itoke, na mlinzi wa jengo ambaye asubuhi hupitisha mikate na magazeti mlango kwa mlango. Mitaa inayojengwa upya sasa ina lifti, jambo jema, lakini chini kuna supamaketi ambayo haijibu mtu akiita kutoka dirishani. Programu za kuagiza vyakula kwa simu zimechukua nafasi hiyo kwa wanaoweza kuzitumia. Kwa asiyeweza, lifti imekuja na kikapu kimeondoka.

Je, jirani anaweza kukataa lifti au njia ya mteremko isiwekwe?

Zamani ilikuwa rahisi kukataa. Sheria ya umiliki wa nyumba za ghorofa ya 1965 ilitaka wamiliki wakubaliane. Mwaka 2005, ilipotungwa sheria ya watu wenye ulemavu, namba 5378, kipengele hicho kililegezwa: wamiliki lazima wakutane kujadili ombi, na wakishindwa kuelewana, tume inaweza kutoa ripoti ya kuruhusu ukarabati. Bado gharama na ugomvi wa ngazini vipo. Sheria hiyohiyo ilizipa taasisi za umma na manispaa miaka 7 kurekebisha majengo, barabara na usafiri. Muda ulipoisha ukaongezwa. Njia za mistari ya kuwaongoza wasioona zipo kwenye kando za barabara nyingi, na magari yameegeshwa juu yake.

Ndani ya nyumba ya Kituruki, hatari kubwa iko wapi?

Chooni, kwenye zulia, na miguuni.

Choo cha kuchuchumaa bado kipo vijijini, misikitini na kwenye vituo vya mabasi. Anayeumwa magoti akishuka, kupanda ni kazi. Nyumba nyingi za mjini zina choo cha kukaa chenye kibomba cha maji cha kutawadhia kilichojengewa ndani yake, na hilo ni jambo la bahati: mzee hahitaji kujipinda kushika kopo. Kinachokosekana ni vyuma vya kushikilia ukutani. Watu wanashika bomba la taulo, ambalo limefungwa kwa skrubu mbili fupi, linang'oka, na nyonga inavunjika. Kama una fedha ya kitu kimoja tu, nunua chuma cha kushikilia chooni kabla ya kitu chochote kinachochajiwa.

Mazulia ni fahari ya nyumba na hakuna atakayekubali yaondolewe, kwa hiyo usianze na ombi hilo. Omba pembe zibandikwe, na vile vizulia vidogo vya mlangoni ndivyo viondoke. Fremu yenye magurudumu madogo hukwama kwenye zulia nene. Chagua yenye magurudumu makubwa mbele au ile ya kunyanyua.

Na kwa kuwa viatu huvuliwa mlangoni, mzee hushinda na ndala zilizo wazi nyuma, zinazochomoka anapogeuka. Zipo za nyumbani zenye kisigino kilichofungwa na soli ya mpira. Ukimpa kama zawadi ya Idi atazivaa. Ukimpa kama dawa, hatazivaa.

Wakiwa msikitini inakuwaje?

Nyuma ya misikiti mingi utaona safu ya viti vya wazee wasioweza kusujudu. Diyanet, idara ya serikali ya mambo ya dini, inaruhusu kusali juu ya kiti kwa asiyeweza kukaa chini, ila inahimiza anayeweza kukaa sakafuni afanye hivyo, na haipendi misikiti ijazwe mabenchi ya kudumu. Wazee wenyewe hulijadili suala hili kwa hamu kubwa kuliko dawa zao.

Kuhusu udhu: shimesikio hutolewa kabla ya maji, sikio hukaushwa vizuri, ndipo hurudishwa. Mara tano kwa siku. Kwa hiyo unapochagua kifaa, uliza kwanza kama mzee anaweza kukitoa na kukivaa mwenyewe bila kioo. Fimbo zinazotoka barabarani huachwa mlangoni pamoja na viatu. Wengine huweka fimbo ya pili ndani ya msikiti, na wengine hufunika ncha ya mpira kwa kitambaa safi.

Wazee wa Uturuki wanatumia intaneti?

Zaidi ya unavyodhani. Mwaka 2018 walikuwa takriban asilimia 17 ya watu wa miaka 65 hadi 74. Mwaka 2023 walikuwa kama asilimia 40. Korona ndiyo iliyowasukuma. Usiku wa tarehe 21 Machi 2020 serikali iliwapiga marufuku wote wenye miaka 65 na zaidi kutoka nje, na hawakuruhusiwa hadi tarehe 10 Mei, tena kwa saa nne tu. Vikundi vya msaada vilivyoitwa Vefa viliwapelekea chakula na pensheni nyumbani. Familia zikanunua simu janja, na wajukuu wakafundisha kupitia dirishani au kwa simu ya zamani jinsi ya kufungua simu mpya. Baadaye mwaka huohuo mtu hakuweza kupanda basi la mkoani wala ndege bila namba maalumu ya afya, ambayo wengi waliipata kwa programu ya simu.

Leo miadi ya hospitali hupatikana kwa simu ya 182 au mtandaoni, majibu ya vipimo yako kwenye e-Nabız, na huduma za serikali ziko e-Devlet, lango lililofunguliwa mwaka 2008. Nywila ya kwanza ya e-Devlet huchukuliwa dirishani posta, jambo ambalo wazee wanalielewa. Baada ya hapo, nywila hiyo huishi kwenye simu ya mtoto wa kwanza au ya mkwe. Kitakwimu huyo mzee "anatumia huduma za kidijitali". Kiuhalisia ni mkwe.

WhatsApp ni hadithi nyingine. Huko hawahitaji msaidizi, kwa sababu ujumbe wa sauti hauhitaji kusoma wala kuandika, na simu ya video inamwonyesha bibi sura ya mjukuu aliyeko Izmir. Ukitaka kumfundisha mzee simu, anzia hapo, benki itasubiri.

Kwa wanaotaka kujifunza kwa utaratibu, Chuo Kikuu cha Akdeniz kilichoko Antalya kilianzisha mwaka 2016 masomo ya watu wa miaka 60 na zaidi, chini ya Profesa İsmail Tufan, mtaalamu wa elimu ya uzee. Hayana ada, na yameenea hadi miji mingine.

Na matapeli?

Wapo, na wana mtindo wao. Anapiga mtu anayejitambulisha kama polisi au mwendesha mashtaka: jina lako limeonekana kwenye kesi ya ugaidi, akaunti yako inatumiwa na wahalifu, toa fedha na dhahabu umkabidhi ofisa atakayekuja mlangoni, usikate simu, usimwambie mtu. Nyuma wanaweka sauti ya redio ya polisi. Kizazi kilichopitia mapinduzi ya kijeshi ya 1960 na 1980 kinajua kuogopa sauti ya aina hiyo. Wazee waliosoma, walimu na maofisa wastaafu, nao wameibiwa hivyo. Kinga iliyo bora kuliko programu yoyote ni kubandika karatasi juu ya simu, kwa herufi kubwa: POLISI HAOMBI FEDHA WALA DHAHABU. KATA SIMU. MPIGIE MWANAO.

Vitufe vya dharura na kamera vinasaidia?

Kitufe kinasaidia kikiwa mwilini. Baadhi ya manispaa huvigawa kwa wazee wanaoishi peke yao. Lakini bibi hukivua akienda kuoga kwa kuogopa maji, na bafuni ndiko anakoanguka. Au hukitundika kwenye msumari kando ya kalenda kisije kikapotea. Kisicholowa maji na chenye mkanda wa mkononi ndicho cha kununua.

Kamera naziangalia kwa jicho la mashaka. Watoto walioko mbali huziweka sebuleni "ili tuwe na amani". Amani ya nani? Mama anakaa na mtandio siku nzima nyumbani kwake, kwa sababu hajui ni mkwe yupi anatazama. Kama ni lazima, iwe ni kihisi cha mlango au cha mwendo kinachosema tu kwamba mtu ameamka, na mwenyewe akubali.

Kwa mwenye ugonjwa wa kusahau hesabu inabadilika kidogo. Kifaa cha kuonyesha mahali alipo, kikishonewa ndani ya koti analolipenda, kimewarudisha wengi. Bangili yenye namba ya simu ya familia nayo inatosha mtaani ambako watu wanasaidiana.

Si familia ndiyo inayowatunza? Vifaa vya nini?

Familia ndiyo, na ukiifungua familia utakuta mwanamke: binti, au mke wa mtoto wa kiume. Mtazamo uliopo ni kwamba mzazi anayelelewa vizuri hahitaji vyuma, kuna mikono. Kumwekea baba kitanda cha hospitali kunaonekana kama kukiri ameisha, na jirani watasema. Kwa hiyo mkwe anamwinua kwa mikono, mara ngapi kwa siku, hadi mgongo wake nao unahitaji mkanda. Tangu katikati ya miaka ya 2000 serikali inatoa posho kwa ndugu anayemtunza nyumbani mtu mwenye ulemavu mkubwa, kwa sharti la kipato kidogo. Imesaidia nyumba nyingi, lakini pia imemfunga mwanamke yuleyule kando ya kitanda kilekile.

Wenye uwezo huajiri mtunzaji wa kulala ndani, mara nyingi mama wa kutoka Georgia, Uzbekistan, Turkmenistan, au Mgagauz wa Moldova ambaye lugha yake inakaribia Kituruki. Yeye ndiye anayechaji shimesikio na kupanga vidonge, ingawa kwenye maonyesho ya vifaa vya wazee hatajwi.

Makao ya wazee yapo, ya serikali na ya binafsi. Maarufu kuliko yote ni Darülaceze ya Istanbul, iliyojengwa enzi za Sultan Abdülhamid II mwishoni mwa karne ya 19, yenye msikiti, kanisa na sinagogi ndani ya uwanja mmoja.

Tetemeko la 2023 lilifundisha nini?

Lilipiga tarehe 6 Februari saa 10 na dakika 17 alfajiri. Saa hiyo miwani iko mezani, meno yako kwenye glasi, shimesikio liko kwenye boksi lake, fimbo imeegemezwa ukutani. Zaidi ya watu 53,000 walikufa nchini Uturuki. Miongoni mwa waliotolewa hai kulikuwa na wazee waliotoka bila kuona, bila kusikia na bila kutafuna. Asiyesikia hawezi kujibu mwokoaji anayeita juu ya kifusi. Kwa hiyo mfuko wa dharura wa mzee uwe na miwani ya zamani, betri, nakala ya ripoti ya daktari na dawa za siku chache, na fimbo ilazwe sakafuni chini ya ukingo wa kitanda, mkono unapofika.

Usafiri wa bure ni wa kweli?

Ndiyo, kwa mabasi na treni za mijini, tangu 2014, kwa kila mwenye miaka 65. Wenye mabasi ya watu binafsi hulalamika kwamba fidia ya serikali haitoshi, na dereva mwenye hasira wakati mwingine hupita kituo chenye wazee watupu. Basi likiwa na ngazi za juu, bure hiyo ni ya wenye magoti mazima.

Waturuki waliozeekea Ujerumani wana unafuu?

Kwa vifaa, ndiyo. Mkataba wa kuajiri wafanyakazi ulitiwa saini tarehe 30 Oktoba 1961, na vijana wale wa viwandani na migodini sasa ni wazee wenye migongo iliyochoka. Ujerumani ina bima ya matunzo tangu 1995, na humo kitufe cha dharura, kitanda na ukarabati wa bafu hulipiwa kwa kiasi fulani. Lakini fomu ni za Kijerumani kigumu, mkaguzi anayekuja nyumbani kupima hali ya mzee anaambiwa na mzee mwenyewe "sijambo, naweza kila kitu" kwa sababu ya staha, na daraja anayopewa inakuwa ya chini.

Halafu kuna wanaogawa mwaka: baridi Köln, kiangazi kijijini Anatolia. Matibabu ya lazima yana mkataba wa nchi hizi mbili wa 1964. Posho ya matunzo haihamishiki hivyo. Mtu akikaa Uturuki kwa muda mrefu, inasimamishwa. Kiti cha magurudumu kilichotolewa na bima ya Ujerumani kikivunjika Yozgat, hakuna fundi wa bima atakayekuja. Kabla ya safari, uliza bima kwa maandishi, na beba mpira wa akiba wa ncha za fimbo.

Nina jamaa au rafiki mzee Uturuki. Nianzie wapi?

Piga 183, laini ya msaada wa kijamii ya serikali, ueleze hali yake. Kwa hatari ya papo hapo ni 112. Omba daktari wa familia, ambaye kila mkazi amepangiwa, aandike ombi la huduma ya afya nyumbani kama hawezi kutoka. Nenda manispaa ya wilaya, si ya jiji peke yake, ukaulize kitengo cha ustawi wa jamii kuhusu vifaa vya kuazima. Kabla ya hayo yote mwulize mzee mwenyewe ni kitu gani anachokikosa zaidi kwa siku. Wengi hawatasema kutembea. Watasema kushuka kununua mkate wenyewe, kusikia imamu, au kuoga bila kushikwa na mkwe. Ukishajua hilo ndipo uende dukani, na mwende pamoja, yeye akiwa amevaa viatu vyake.